KITI KISICHOPINGWA NI AMANA, SI MILKI



Husikika mara kwa mara katika mabaraza yetu, na hata katika mikutano ya matawi, maneno ya namna mbili ambayo kwa nje yaonekana kupingana, lakini asili yake ni moja. La kwanza ni la mwenye kujisifu ya kuwa mtu wake amepita bila ya kupingwa, kana kwamba kukosa mpinzani ni ushindi mkubwa kuliko kumshinda mpinzani. La pili ni la mwenye kuonya ya kuwa wakati wa shida si wakati wa kugombea viti, na ya kuwa atakayesimamisha mgombea wakati huo ni mfitini asiyeitakia nchi yake kheri. Maneno yote mawili humtoa mtu mmoja katika hesabu, na mtu huyo ni mpiga kura.

Sisi hatupendi kuyajibu maneno haya kwa hamasa tupu. Twapenda kuyapima kwa jambo lililotokea. Wala hatukuutoa mfano wetu katika nchi changa isiyojua mambo ya kura. Tumeutoa Uingereza yenyewe, nchi iliyotutawala na kutusomesha ya kuwa Bunge lake ndilo la kuigwa na dunia. Tena tumeutoa katika wakati usiokuwa na mzaha, nao ni mwezi wa Juni 1940.

Mwezi huo ulikuwa mzito juu ya Waingereza. Ujerumani ilikuwa imekwisha kuimeza Poland, na Denmark, na Norway, na Uholanzi, na Ubelgiji. Askari wa Uingereza na wenzao, zaidi ya 338,000, walikuwa wametolewa kwa taabu katika pwani ya Dunkirk, na silaha zao nyingi wameziacha mchangani. Ufaransa nayo ikaanguka mwezi huo huo. Kilichobaki baina ya Mwingereza na adui yake ni mlango mwembamba wa bahari. Ndipo katika jimbo la Wandsworth Central, upande wa kusini wa mji wa London, palipofanywa uchaguzi mdogo wa kumpata Mbunge mpya, na uchaguzi huo ukamalizika bila ya hata karatasi moja ya kura kutiwa sandukuni.

Aliyepita ni Bwana Ernest Bevin. Huyu ni mtu ambaye wachukuzi wa bandarini, popote walipo, wana sababu ya kumjua. Alizaliwa mwaka 1881 katika kijiji cha Winsford, huko Somerset. Baba yake hakujulikana, na mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minane. Aliacha skuli mapema akawa kijana wa shamba, kisha akaendesha gari la farasi katika mji wa Bristol. Kutoka hapo akaingia katika kazi ya kuwaunganisha wafanyakazi. Mwaka 1920 aliwatetea wachukuzi mbele ya baraza la uchunguzi kwa ufasaha mkubwa, hata watu wakampa lakabu ya wakili wa makuli. Mwaka 1922 vyama vingi vidogo vya wafanyakazi viliungana vikawa chama kimoja kikubwa, na yeye akawa katibu wake mkuu.

Lakini mtu hodari huyu alikuwa na upungufu mmoja. Umma haukupata kumchagua. Alisimama Bristol mwaka 1918 akashindwa. Akasimama Gateshead mwaka 1931 akashindwa tena. Bwana Winston Churchill alipounda Serikali ya vyama vyote mwezi wa Mei 1940, alimwita awe Waziri wa Kazi na Utumishi wa Taifa, ilhali hana kiti Bungeni. Dasturi ya Uingereza ni kuwa waziri lazima awe katika moja ya mabaraza mawili ya Bunge, ili aulizwe na ajibu. Basi kikatafutwa kiti. Mbunge wa Wandsworth Central, Bwana Harry Nathan wa chama cha Labour, alipewa ulodi akahamia Baraza la Malodi, na nafasi yake ikawa wazi. Labour wakamsimamisha Bevin. Conservative hawakumsimamisha mtu. Liberal hawakumsimamisha mtu. Wala hakutokea mtu mwengine. Bevin akawa Mbunge.

Yafaa tueleze namna jambo hili lilivyokwenda, kwa sababu wengi wetu tumeuzoea uchaguzi wa foleni na masanduku, na hatuujui huu wa kimya. Kiti kikiwa wazi, Spika hutoa amri ya kufanywa uchaguzi. Msimamizi wa uchaguzi hutangaza siku ya kupokea majina. Kwa sheria ya wakati ule, kila mgombea alihitaji wapiga kura kumi wa pahala hapo wamtilie saini, na pauni 150 za dhamana, ambazo zilipotea ikiwa hakupata sehemu moja katika nane ya kura zilizopigwa. Saa ya mwisho ikifika, msimamizi hutazama mezani. Akikuta majina mawili au zaidi, hutangaza siku ya kura. Akikuta jina moja tu, humtangaza mwenye jina hilo kuwa Mbunge pale pale, na kazi imekwisha.

Wazee wetu husema ya kuwa kimya cha mwanamwali ni ridhaa yake. Lakini mwanamwali huulizwa kwanza, ndipo akanyamaza. Wapiga kura wa Wandsworth hawakuulizwa hata wakanyamaza. Inawezekana kuwa wengi wao walimpenda Bevin; inawezekana kuwa wengi hawakumpenda. Hilo hakuna alijuaye, maana kura ndiyo iliyokuwa ilijulishe, na kura haikuwapo. Kwa hivyo mwenye kusema kuwa Bevin alichaguliwa na watu wote wa Wandsworth amesema asilolijua, na mwenye kusema kuwa alilazimishwa juu yao naye amesema asilolijua. Hii ndiyo ila ya kwanza ya kiti kisichopingwa: hakimjulishi aliyekipata, wala hakiwajulishi waliompa.

Sasa mwanachama atauliza: kwa nini Conservative hawakushindana? Kiti hicho kilikuwa chao hapo kabla, na Labour walikichukua kwao mwaka 1937 katika uchaguzi mdogo. Jawabu ni kuwa baina ya vyama vikubwa palikuwa na suluhu. Mwezi wa Septemba 1939, vita vilipoanza, wakuu wa nidhamu Bungeni wa Conservative, Labour na Liberal walipatana ya kuwa kiti kikiwa wazi, chama kilichokuwa nacho ndicho kitakachotoa mtu, na wenziwe hawatasimamisha mtu juu yake. Suluhu kama hiyo walipata kuifanya katika vita vya kwanza pia, mwaka 1914.

Hatutaki kuidhulumu suluhu hiyo, maana ilikuwa na sababu zenye uzito. Mwanzo wa vita, watu kiasi ya milioni moja na nusu, wengi wao watoto na mama zao, walihamishwa mijini kwa khofu ya mabomu. Vijana waliitwa jeshini. Karatasi zilikuwa chache, petroli kwa kipimo, na usiku taa zote zimezimwa. Daftari la wapiga kura lilikuwa lile la mwaka 1939, wala halikutengenezwa upya kwa miaka kadhaa, hata kijana aliyetimia miaka 21 baada ya hapo hakuwa na jina ndani yake. Na ilhali adui yu ng'ambo ya maji, mtu mwenye akili ataona vibaya mawaziri wa serikali moja kupanda majukwaani kutukanana kwa ajili ya kiti kimoja. Haya yote twayakubali.

Tena twapenda mwanachama alizingatie jambo hili moja: suluhu ya Septemba 1939 ilikuwa ni ya viti, haikuwa ya ndimi. Labour walipotia saini, hawakuwa serikalini. Waliendelea kukaa upande wa upinzani, wakauliza, wakakosoa, wakapiga kura Bungeni dhidi ya Serikali ya Bwana Neville Chamberlain. Vita vya Norway vilipokwenda kombo, walitaka Bunge lipige kura. Tarehe 8 Mei 1940 Serikali ilipata kura 281 kwa 200, na wengi wa watu wake wenyewe ama walipiga kura dhidi yake ama hawakupiga kabisa. Siku mbili baadaye Chamberlain akaondoka. Basi aliyewaambia watu kuwa upinzani wakati wa vita ni khiyana, na atazame: ni upinzani huo uliomwondoa waziri mkuu aliyeshindwa na kumleta aliyeongoza mpaka ushindi.

Lakini suluhu hiyo ilikuwa na gharama, na gharama zake lazima zihesabiwe kama zinavyohesabiwa faida zake.

Gharama ya kwanza ni kuwa mambo yaliganda. Bunge lenyewe lilikuwa limechaguliwa mwezi wa Novemba 1935, na sheria iliweka muda wa miaka mitano. Mwaka 1940 muda ulikwisha, Bunge likajiongezea mwaka mmoja; likafanya hivyo tena 1941, na 1942, na 1943, na 1944. Ikawa Bunge la 1935 lahukumu mpaka 1945. Kwa kuwa Conservative ndio waliokuwa na viti vingi mwaka 1935, kila kiti chao kilichokuwa wazi kilirudi kwao kwa suluhu, hata kama mawazo ya watu yamekwisha kugeuka. Katika muda huo wa vita palikuwa na chaguzi ndogo zaidi ya mia moja, na makumi kati ya hizo zilipita kama ile ya Wandsworth, bila ya kura.

Gharama ya pili ni kuwa haki ya kuchagua ilihama. Ilitoka mikononi mwa wapiga kura maelfu, ikaingia katika chumba cha kamati ya chama kimoja, ambamo watu wachache hukaa wakakata shauri ni nani awe Mbunge. Jina lililotoka chumbani humo ndilo lililokwenda Bungeni. Tusijidanganye: pahala ambapo mlango wa mbele umefungwa, watu hupita mlango wa nyuma, na wa nyuma hauna taa.

Gharama ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo itupasayo kuikumbuka zaidi sisi tunaoishi kwa jasho letu. Tarehe 22 Mei 1940 Bunge lilipitisha kwa siku moja sheria ya dharura iliyoipa Serikali uwezo juu ya kila mtu na mali yake. Kwa uwezo huo Bwana Bevin aliweza kumwamuru mtu yeyote afanye kazi yoyote pahala popote. Mwezi mmoja kabla hajawa Mbunge alikuwa tayari na mamlaka hayo. Mwezi wa Julai 1940 ikatoka amri nambari 1305, iliyozuia migomo na kufungia watu kazi mpaka shauri lipelekwe kwa Waziri. Mwezi wa Machi 1941 ikatoka amri nyengine iliyomkataza mfanyakazi wa kazi za lazima kuacha kazi bila ya ruhusa. Mwezi wa Disemba 1941 wanawake nao wakatiwa katika sheria ya kuitwa. Na tangu mwisho wa 1943 baadhi ya vijana walioitwa jeshini walichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu wakapelekwa chini ya ardhi kuchimba makaa ya mawe.

Insafu yatulazimisha tuseme pia alilolitenda jema. Amri ile ile iliyomzuia mfanyakazi kuacha kazi ilimzuia na tajiri kumfukuza apendavyo. Wachukuzi wa bandarini, waliokuwa wakisimama kila asubuhi kungoja kuchaguliwa kama ng'ombe mnadani, walipata katika vita hivyo mpango wa mshahara wa hakika. Bevin hakuwasahau watu aliotoka kwao. Hata hivyo, tazameni lililotokea Betteshanger, huko Kent, mwezi wa Januari 1942. Wachimba makaa waligoma kwa ajili ya ujira. Zaidi ya elfu wakashtakiwa kwa amri ile, na viongozi wao watatu wakatiwa jela. Wengine hawakurudi kazini. Serikali iliona ya kuwa haina jela ya kuwatosha watu wote hao, ikawatoa wale watatu kabla ya muda wao. Pale ambapo sanduku la kura limefungwa, manung'uniko hayafi. Hutafuta njia nyengine ya kutokea.

Sasa tuje kwenye jambo lililoiokoa nchi ile. Suluhu ilikuwa ni mapatano ya vyama vitatu, haikuwa sheria. Sheria ya uchaguzi haikuguswa. Mtu yeyote mwenye wapiga kura kumi na dhamana yake mkononi aliweza kwenda mezani kwa msimamizi kabla ya saa ya mwisho na kuandikisha jina, na jina moja la ziada lilitosha kuilazimisha nchi ipige kura. Vyama vikubwa vilifunga mlango wao wenyewe. Havikuufunga mlango wa watu.

Na watu waliupita. Mara ya kwanza wengi waliopita walikuwa wa kuchekesha au wa kuchukiza. Mwezi wa Februari 1940, katika jimbo la Silvertown, mgombea wa mafashisti aliambulia kura 151 tu, na hapo mwanachama aone kuwa kura ndiyo iliyowafedhehesha watu wale. Lakini mwaka 1942 mambo yaligeuka. Singapore ilikuwa imeanguka, na watu walikuwa wakiuliza maswali yasiyojibiwa. Mwezi wa Machi, katika mji wa Grantham, Bwana Denis Kendall, mtu asiyekuwa na chama, alimshinda mgombea wa Serikali, ambaye alikuwa mkuu mkubwa wa jeshi la anga. Mwezi wa Aprili wagombea wawili wengine wasiokuwa na chama wakashinda siku moja, katika Rugby na katika Wallasey. Mwezi wa Juni, siku chache baada ya Tobruk kuangukia mikononi mwa adui, Bwana Tom Driberg akashinda Maldon. Mwaka huo huo kikaundwa chama kipya, Common Wealth, makusudi kwa ajili ya kusimama pale ambapo vyama vikubwa vimekubaliana kutosimama. Kikachukua Eddisbury mwaka 1943, na Skipton mwaka 1944, na Chelmsford mwezi wa Aprili 1945. Na mwezi wa Februari 1944, katika West Derbyshire, mwana wa ukoo wa mtawala wa kale wa pahala hapo alishindwa na Bwana Charlie White, mtoto wa fundi viatu.

Je, Uingereza ilishindwa vita kwa sababu ya watu hao? Haikushindwa. Je, askari walivunjika moyo? Hawakuvunjika. Serikali ilipoteza viti vichache, ikapata badali yake kitu chenye thamani zaidi, nacho ni khabari ya kweli. Ilijua kuwa watu wako pamoja nayo katika vita, lakini hawako pamoja nayo katika kurudishwa kwenye ukosefu wa kazi na nyumba mbovu za kabla ya vita. Wenye kusikia walisikia. Wasiosikia walisikilizishwa baadaye.

Mwezi wa Oktoba 1944, alipokuwa akiliomba Bunge lijiongezee muda mara ya tano, Bwana Churchill mwenyewe alimsifu mbele ya Wabunge yule mtu mdogo aingiaye katika kijumba kidogo na kalamu yake ndogo, akatia alama yake ndogo katika karatasi. Maneno hayo yalikuwa mazuri, na hayakubaki maneno. Vita vya Ulaya vilikwisha mwezi wa Mei 1945. Tarehe 5 Julai nchi ilipiga kura. Matokeo yalingojwa mpaka tarehe 26 Julai ili kura za askari walioko ng'ambo zifike. Labour walipata viti 393. Churchill, aliyeongoza nchi mpaka ushindi, akatoka madarakani siku hiyo hiyo, bila ya risasi, bila ya jela, bila ya mtu kuitwa msaliti.

Na Bwana Bevin? Alirudi Wandsworth Central. Safari hii alikuta mpinzani, Brigedia John Smyth, mwenye nishani ya Victoria Cross ya ushujaa. Wapiga kura wakaulizwa, wakajibu, na Bevin akashinda. Miaka mitano alikuwa amekikalia kiti kwa amana. Siku ile wenyewe walimkabidhi. Akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Hapana mtu aliyeweza tena kumwambia kuwa aliingia kwa mlango wa nyuma.

Tuna mfano mmoja zaidi, na huu twaupenda kuliko yote. Katika uchaguzi huo huo wa 1945, Labour na Liberal walikubaliana wasimsimamishie Churchill mpinzani katika jimbo lake la Woodford, kwa kumheshimu. Mkulima mmoja, Bwana Alexander Hancock, mtu asiyejulikana wala asiyekuwa na chama, akaenda na karatasi zake akasimama. Churchill alipata kura 27,688. Mkulima alipata kura 10,488. Fikirini, ndugu zetu: lau mkulima yule angalibaki nyumbani, magazeti yangaliandika kuwa Woodford nzima, mtu kwa mtu, yamtaka Churchill. Watu zaidi ya elfu kumi wangalifutwa katika dunia kwa kukosa jina la pili katika karatasi. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kutokana na haya sisi twatoa vipimo vitatu, na twataka kila tawi livihifadhi.

Kipimo cha kwanza: ukisikia kiti kimepita bila ya kupingwa, uliza ni nani aliyeufunga mlango. Kama ni vyama vilivyojizuia wenyewe kwa khiyari yao, na sheria ikabaki wazi kwa mtu mwengine, hilo laweza kuwa busara. Lakini kama ni sheria iliyozuia, au ofisi iliyofungwa kabla ya saa yake, au karatasi iliyokataliwa kwa sababu ya nukta na herufi, hiyo si suluhu. Hiyo ni dhulma iliyovaa joho la umoja.

Kipimo cha pili: uliza ni mpaka lini. Bunge la Uingereza lilijiongezea muda, lakini kila mara kwa mwaka mmoja, na kila mara lilirudi kusimama, kueleza sababu, na kupiga kura upya. Dharura isiyokuwa na tarehe ya mwisho si dharura, ni utawala.

Kipimo cha tatu: uliza kama siku ya hesabu ipo. Mwekewa amana mwema haogopi mwenye mali kurudi. Atakayekwambia kuwa kiti ni chake kwa sababu hapakuwa na wa kumpinga, huyo amekwisha kuidhani amana kuwa milki.

Watu wa visiwa hivi tuna haki zaidi ya wengi kuvitumia vipimo hivi. Mwaka 1940, wakati Wandsworth iliponyimwa kura moja, Unguja na Pemba hazikuwa na kura hata moja ya kunyimwa. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwapo tangu 1926, lakini wajumbe wake wote waliteuliwa. Askari wa Afrika ya Mashariki walipelekwa mpaka Burma kupigania uhuru wa wengine, na hapana aliyewauliza. Uchaguzi wa kwanza hapa ulikuwa wa mwezi wa Julai 1957. Kisha baada ya 1964 tukaishi miaka mingi bila ya upinzani kuruhusiwa na sheria, mpaka vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Tuliochelewa kuipata haki hii, na tuliopata kuipoteza, twajua uzito wake.

Basi wajibu wetu ni upi? Si kupiga kelele baada ya jina moja kutangazwa. Wajibu ni wa kabla ya saa ya mwisho. Tawi ambalo halina mgombea aliyetayarishwa, wala wadhamini walioandikishwa vyema, wala akiba ya dhamana, wala mtu aliyeisoma kanuni neno kwa neno, tawi hilo limekwisha kumpitisha mpinzani wake kabla hajatoka nyumbani. Pale tunapoona kheri kutosimama, na iwe ni kwa shauri la wanachama lililokatwa mkutanoni, lenye sababu zilizotangazwa na muda uliotajwa, si kwa mnong'ono wa wakubwa wawili barazani. Na pale tunaposhinda kwa kukosa mpinzani, tusipige ngoma. Aliyepita hivyo na aende kwa watu wake mtaa kwa mtaa, awaulize ambalo kura haikuwauliza, na awe wa kwanza kuitaka siku ya kura.

Umoja twautaka, na wakati wa khatari twautaka zaidi. Lakini umoja wa watu walioulizwa wakakubali ni nguvu, na umoja wa watu wasioulizwa ni kimya tu, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Kiti cha Bunge mwenyewe ni raia. Aliyekalia bila ya kupingwa amekalia cha mtu, na cha mtu hurudishwa kwa mwenyewe.